Fungu la Mjomba

Mazingara, Handeni
3 Juni 1974

Kwa mdogo wangu Mwinjuma,

Pokea salamu za dada yako. Huku hatujambo, watoto wazima, mbuzi wazima, nami ni mzima isipokuwa hasira. Natumaini wewe na wifi Mwantumu mko salama hapo Manundu.

Baada ya salamu: kopo limerudi.

Kondakta Jonathan alinikabidhi juzi pale barabarani, mbele za watu. Ni kopo lile lile, na kitambaa nilichofungia kifuniko hakijaguswa. Nikamwuliza, "Hukumkuta?" Akasema, "Nimemkuta, mama. Kasema lirudi." Watu wote waliokuwa wakingoja basi wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwinjuma, umesahau ulikotoka? Mwaija ameolewa. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa akikukalia begani. Kondoo amechinjwa, na mkia wa kondoo ni wa mjomba, hapa kwetu hata mtoto mchanga anajua. Arusini hukuja, ukasema una kazi, tukakubali. Nikauyeyusha mkia kwa mikono yangu, nikatia chumvi usiharibike njiani, nikakutumia fungu lako. Wewe unalirudisha kama mtu anayerudisha barua iliyokosea anwani!

Mama mkwe wake Mwaija ameshasikia. Amemwuliza mwanangu, "Kwani mjomba wako hakuridhika na ndoa hii?" Mtoto kaja kwangu analia. Mjomba asiyekula mkia amemkana mtoto wa dada yake, na mtoto aliyekanwa na mjomba akikosana na mumewe atakimbilia kwa nani?

Nijibu. Na usidhani haya kaniandikia mtu akayatia pilipili. Elimu ya watu wazima nimemaliza, mkono ni wangu na pilipili ni yangu.

Dada yako,
Chausiku


Manundu, Korogwe
14 Juni 1974

Dada Chausiku,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu. Pole kwa aibu niliyokutia. Sikukusudia, nawe punguza pilipili, kwa sababu haya ninayokueleza sasa hata watu wa hapa hawayajui vizuri.

Mwezi wa tatu nilianguka jikoni, pale mgahawa wa ushirika. Nilikuwa nageuza chapati za asubuhi. Kifua kikabana kama mtu amenikalia, mkono wa kushoto ukafa ganzi hadi vidoleni, jasho likanitoka la baridi. Mwenzangu Bernardo alidhani ni moshi, akanitoa nje akanimwagia maji. Kwa ufupi, nilipelekwa kwa treni mpaka Moshi, nikalazwa siku kumi na nane. Wewe uliambiwa nimesafiri. Mimi ndiye niliyemwambia Mwantumu aseme hivyo.

Daktari wa huko alinitoa damu, akaipima, akasema ina mafuta mengi kupita kiasi. Yana jina, kolesteroli. Yanagandia ndani ya mishipa ya moyo, njia inakuwa nyembamba, na siku njia ikiziba moyo unakosa damu. Nilimwelewa mara moja. Nimefanya kazi miaka ishirini na mbili katika jiko la meneja Mgiriki kwenye shamba la mkonge, na kila mwezi nilikuwa nazibua bomba la sinki lililoziba mafuta ya nyama. Sasa bomba ni mimi.

Basi nimekatazwa siagi, samli, nyama ya mafuta, maini, maandazi, na sigara. Mkia wa kondoo sikuutaja, lakini nikiutaja yule daktari atanifukuza. Ningelifungua kopo lile, dada, ningelimaliza. Harufu yake naijua. Ndiyo maana nikamwambia Jonathan alirudishe haraka.

Sasa kuhusu Mwaija, dawa ipo. Mjomba Mdoe alipokuwa vitani Burma, mama ndiye aliyekuwa akila fungu lake kwa niaba yake, na hakuna mtoto aliyesemekana amekanwa. Wewe ndiye mkubwa wetu. Nakupa ruhusa mbele ya Mungu na wakwe: kula fungu langu. Huu ni ugonjwa wa wanene, nami tumbo langu unalijua. Wewe umekonda kama mwiko, mafuta yatakufaa.

Mwambie Mwaija mjomba wake hajamkana. Mjomba wake kanyang'anywa sahani tu.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Mazingara
20 Agosti 1974

Mdogo wangu Mwinjuma,

Marahaba. Tumshukuru Mungu kwa uhai. Huku wazima, tumechoka.

Barua yako niliisoma nikalia, kisha nikakasirika tena. Siku kumi na nane mtu amelala hospitali, na dada yake yuko huku anapepeta mahindi na kuimba! Mficha maradhi kilio humuumbua, Mwinjuma. Ungekufa huko Moshi ningeambiwa umesafiri mpaka lini? Usinifanyie hivyo tena. Ukiumwa, niambie siku ile ile. Niapie.

Fungu lako nimekula. Nilikaa na mama mkwe wa Mwaija nikala mbele yake, akaridhika, akacheka. Nawe unajua sharti lake: anayelila kwa niaba ya mjomba halimegei mtu, analimaliza mwenyewe. Nililimaliza kwa siku nne, na ugali wa bada, ule wa muhogo. Nilipata kiungulia cha kutisha, lakini heshima ya mtoto imerudi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu tumehamishwa. Mwezi wa saba walikuja viongozi na lori, tukaambiwa kila mtu kijijini, kando ya barabara. Nyumba yangu niliyoijenga na marehemu imeezuliwa mabati, nimekuja nayo kichwani. Sikatai, mambo mengine ni mazuri. Shule iko hapa hapa, na zahanati wamesema itakuja na bomba litakuja. Lakini mahindi yangu hayakupanda lori! Shamba langu la zamani liko kule kule juu, mwendo wa saa nzima, na kilima katikati. Alfajiri napanda, jioni nashuka na kuni. Nikirudi nina kazi ya shamba la kijiji. Ukiniona sasa hutaniita mwiko, utaniita ufito.

Kula mchicha wako. Usiguse siagi.

Dada yako,
Chausiku


Manundu
9 Septemba 1974

Dada Chausiku,

Shikamoo, na pole kwa kuhama. Sisi wazima, ukiacha kwamba nimekuwa mtu wa majani.

Dada, nimechoka. Asubuhi nakwenda kwa mguu mpaka stesheni na kurudi, daktari kaagiza. Wapagazi wamezoea kunicheka: "Mzee, treni yako haijafika tu?" Nikitoka hapo naingia jikoni napika pilau la watu mia, na ulimi wangu umefungwa. Umeona wapi mpishi asiyeonja? Juzi nilitia chumvi mara mbili. Bernardo ndiye anayeonja siku hizi, na Bernardo hajui tofauti ya bizari na vumbi. Nyumbani Mwantumu ananipikia kisamvu bila nazi. Kisamvu bila nazi, dada! Nikinung'unika ananionyesha mlango wa kaburini.

Na nimepungua. Ungefikiri watu watafurahi. Hapa Manundu wanasema nina kifua kikuu. Jirani yangu aliyekuwa akiazima jembe sasa analipokea kwa ncha ya kanga.

Nimemwandikia mdogo wetu Kudra huko Mnyuzi kwamba mafungu yote ya mjomba, yawe ya arusi, ya jando au ya Idi, yasije tena kwangu, yaje kwako. Wajomba wa kwetu hatukuanza kula jana na watoto wa dada zetu ni wengi, kwa hiyo jiandae. Wala usinung'unike, nakuonea wivu mpaka machozi. Kiungulia kunywa maji ya magadi kidogo, kitaisha.

Nimekuapia, nikiumwa nitakwambia siku ile ile.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Mazingara
2 Januari 1975

Mdogo wangu Mwinjuma,

Marahaba, na Idi njema japo imepita. Huku hatujambo kiasi.

Mikia imekuja mitatu. Wa jando la watoto wa Kudra, wa arusi ya Mnyuzi, na wa Idi. Nimekula mpaka nimechukia kondoo aliye hai. Nikimwona malishoni namgeuzia uso. Lakini nimekula, hakuna atakayesema ukoo wetu wa Mhina hauna mjomba.

Magadi hayasaidii. Kiungulia chenyewe sasa kina tabia yake. Nikikaa hakipo. Nikianza kupanda kilima cha shambani, nikifika nusu, kinanikamata hapa katikati ya kifua, kinakwenda begani, mkono wa kushoto unakuwa mzito kana kwamba nimebeba ndoo. Nikikaa kwenye jiwe kidogo kinaniachia, naendelea. Zamani kilima kile nilikipanda na mimba, na mtungi kichwani, naimba. Sasa nakaa kwenye jiwe mara tatu, na wasichana wananipita wananiamkia, "Shikamoo bibi, umepumzika?" Inaniudhi!

Zahanati tuliyoahidiwa imefika. Kuna mganga mmoja na foleni ndefu. Nilimwambia kiungulia, akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna. Nilimwambia na mkono, akauliza ninabeba nini, nikasema kuni, akasema punguza kuni. Kwani nitapikia nini, hotuba? Nilikuwa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya, tukafundishwa mbu, vyoo, maji ya kuchemsha. Choo nimechimba, maji nachemsha. Mbona nimechoka hivi?

Ni uzee na kuhamahama, basi. Wewe endelea vizuri, usinipe kazi ya kulia.

Dada yako,
Chausiku


Manundu
16 Januari 1975

Dada Chausiku,

Shikamoo. Huku wazima.

Pole kwa uchovu. Nimesoma barua yako mara mbili. Mwantumu kaisoma naye, kasema maneno yako ya kilimani yanafanana na yangu ya jikoni. Nimemwambia aache kutisha watu. Mimi nilikuwa na kilo tisini na tano, wewe upepo ukivuma unashika mlango. Chako ni mzigo, tena ni njaa ya mwaka jana haijatoka mwilini.

Pumzika. Kuni mwachie mkwe wako. Nilitaka kuandika na jambo lingine lakini Jonathan yuko mlangoni, basi linaondoka.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Manundu
22 Aprili 1975

Dada Chausiku,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Kaa chini usome, na kama uko shambani shuka kwanza.

Jana nimerudi kutoka Moshi, niliitwa kupimwa tena. Damu yangu imepungua mafuta, ingawa haijafika anapotaka. Daktari alipomaliza kunipima akaniuliza, "Na dada yako uliyeniambia, umemleta lini? Simwoni kwenye daftari."

Dada, nilijifanya natafuta kadi mfukoni mpaka akaweka kalamu chini.

Mwaka jana nilipolazwa aliniambia jambo ambalo sikukuandikia. Alinishika kope, hapa karibu na pua, kwenye yale madoa ya njano. Yale tunayoyaita dhahabu ya Mhina. Baba alikuwa nayo, mimi ninayo, wewe unayo, nasi tumeringa nayo maisha yote, tukisema mtoto asiye nayo kaokotwa. Akaniuliza, "Nani mwingine kwenu ana haya?" Nikamtajia. Akasema hiyo si dhahabu. Ni mafuta yale yale ya kwenye damu, yamejaa mpaka yametokeza. Akaniuliza baba alikufaje. Nikasema alianguka shambani, ana miaka hamsini na moja, alikuwa mzima asubuhi. Akatikisa kichwa. Akasema damu ya namna hii mtu huzaliwa nayo, haiangalii unene wala wembamba, na ndugu zangu wote wapimwe, kwanza yule mwenye madoa.

Sikukwambia. Unaniuliza kwa nini, najiuliza pia. Nilirudi nikiwa na aibu ya kuanguka mbele ya watu wanaosubiri chapati. Kisha nikakufikiria ulivyo mwembamba, nikasema daktari huyu hajamwona. Kisha nikaona nikikwambia hutakula fungu, na Mwaija atabaki anasemwa. Kila siku ilikuwa na sababu yake. Na barua yako ya Idi ilipofika nilijua, dada. Mwantumu aliposema inafanana nilimkaripia kwa kuwa nilijua.

Nilimweleza daktari yote, na mikia pia. Nilidhani atanipiga. Akasema mikia ya mwaka mmoja haikuziba mshipa, ni kazi ya miaka mingi na damu ya kuzaliwa, nisijibebeshe yote. Lakini akasema mtu anayebanwa kifua akipanda kilima na kuachiwa akikaa, huyo hana kiungulia, moyo ndio unaolia, na asingoje. Vipo vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Zipo dawa. Anataka kukuona.

Na jambo la mwisho. Miaka ishirini na sita hatusalimiani na watu wa kwa Semboja, tukisema baba yao alimtupia baba yetu jini. Hakuna jini. Tumewanunia bure, na mzee wa watu kafa hajasalimiwa.

Usile tena mkia. Usipande kile kilima. Njoo na basi la kwanza, mimi na wewe tutakwenda Moshi.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Mwinjuma


Mazingara
11 Mei 1975

Mwinjuma,

Nimepata barua yako.

Nimehesabu kwa vidole. Mwaka mzima na mwezi. Mwaka mzima nakaa kwenye jiwe kama mwombaji, nameza magadi, natafuna vidonge vyeupe, nacheka na mama mkwe huku namaliza mkia mpaka mfupa, na mdogo wangu anajua! Uliniapia utaniambia ukiumwa. Sikujua nahitaji kukuapisha uniambie nikiumwa mimi.

Unataja Mwaija. Mwaija hakukuomba uninyamazie. Ungeniandikia mstari mmoja ningesimama mbele ya wakwe wote nikasema mkia huu utengenezwe sabuni, nani angenifunga? Mimi huyo ndiye ninayeogopa midomo ya watu? Wewe ndiye unayeogopa, tangu utotoni, ulikuwa ukivunja chungu unakificha chini ya majani na sisi tunakanyaga vigae.

Nilikwenda kwa Semboja. Nilimkuta binti yake mkubwa anatwanga. Nikamwambia, "Shikamoo dada, nimekuja kusalimia." Mchi ukamtoka mkononi. Tulikaa tukalia wote wawili, yeye kwa lake na mimi kwa langu. Hilo nimelifanya mimi, si wewe.

Sasa unaniambia njoo na basi la kwanza. Mahindi yangu yamebeba, yanaanza kukomaa. Mwaka juzi tulikula mizizi, mwaka jana tulikula mahindi ya njano ya foleni, mwaka huu Mungu ametoa mvua, na nguruwe wanangoja nigeuze kisogo. Nisipolinda hilo shamba sifi kwa moyo, nakufa kwa njaa. Mkia situmii tena. Kuni anabeba mkwe. Kilima napanda polepole. Nikivuna nitakuja.

Sijakusamehe. Nitakusamehe nikifika.

Dada yako,
Chausiku


Manundu
20 Mei 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Nitukane, una haki, lakini nitukane ukiwa hapa.

Acha mahindi. Nguruwe wale, nitakununulia magunia, nitapika maandazi ya kuuza mchana na jioni mpaka fedha zitoshe. Daktari hakusema baada ya mavuno. Nikuandikie herufi kubwa usikie? Au nije nikubebe mwenyewe? Sema neno moja tu, nitapanda basi.

Kitanda chako nimeshakitandika. Mwantumu kakitolea shuka za arusi yetu.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Mazingara
16 Juni 1975

Mdogo wangu Mwinjuma,

Marahaba. Huku salama, wewe nawe usije. Njia yote ni vumbi, na najua utataka kupanda kile kilima kunisaidia, ukianguka hapa nitakuwa na wagonjwa wawili na mganga mmoja wa vidonge vyeupe.

Mahindi nimeanza kuvunja. Ni mazuri, Mwinjuma, gunzi limejaa mpaka ncha. Wiki hii kifua kimenikamata hata nikitandika kitanda, kwa hiyo nimetii. Mtoto wa Semboja kajitolea kunimalizia shamba, sikumwomba. Nimebakiza kupanda mara moja tu kumwonyesha mpaka wangu.

Nitakuja Ijumaa ya tarehe 27, na basi la asubuhi. Mwaija atanisindikiza. Mwambie Mwantumu asinipikie hayo majani yake siku ya kwanza, nipike mwenyewe nikuonyeshe kisamvu kinavyolika bila nazi. Kuna njia ya karanga kidogo sana.

Hasira zimepungua. Zimebaki za kukusema uso kwa uso, hizo sizileti kwa karatasi.

Dada yako,
Chausiku


Korogwe, stendi ya mabasi
Ijumaa, 27 Juni 1975

Dada Chausiku,

Shikamoo, kama utaitikia.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mtu hapa stendi, karatasi nimeomba kwa muuza tiketi. Barua hii nitampa Jonathan akuletee leo leo, maana naona kuongea nawe uso kwa uso umekukataa mwenyewe.

Basi la asubuhi limekuja, hukushuka. La saa sita limekuja, hukushuka. Swala ya Ijumaa imenipita, watu wametoka msikitini wananiona nimekaa hapa kama mzigo usio na mwenyewe. Mwantumu kamenya karanga tangu jana. Daktari tumempa siku, ni Jumatatu. Nimekwenda kukata tiketi za treni mbili, nikamwambia karani wa stesheni kwa fahari, ni mimi na dada yangu mkubwa. Sasa nitamwambia nini?

Ni mahindi tena, sivyo? Umeona gunzi moja limebaki juu, ukasema nitakwenda kesho. Kila siku ni kesho, dada! Unanisema mimi mficha chungu, na wewe je? Nimefanya makosa, nimekiri, nimeomba radhi kwa mdomo na kwa wino, nifanye nini tena ndipo upande basi? Ningekuja mwenyewe. Uliniambia nisije nikakutii, na sijui kwa nini nakutii mpaka uzee huu. Kichwa chako ni kigumu kama cha baba. Mimi sitaki uwe na cha baba. Nataka uje, unitukane siku nzima, kisha Jumatatu twende Moshi, yule daktari akushike kope naye ajue sikumdanganya.

Kama hukuja leo, kesho asubuhi napanda mimi. Vumbi na kilima chako sivijali. Nikianguka nitaangukia mlangoni kwako.

Haya, la saa tisa linaingia. Jonathan yuko mlangoni, hapigi kelele zake za kawaida. Watu wanashuka. Namwona Mwaija. Alhamdulillahi! Basi nachana barua hii, sina haja nayo, nina

Yuko peke yake. Ngoja, labda uko nyuma yake, labda unashukia mlango wa mbele. Hana mzigo. Jonathan amemshika mkono, amevua kofia, wananitafuta kwa macho. Wameniona.

Dada, mbona Mwaija analia?